Amana ya Vipimo: Suala la Mwanafunzi wa Kemia

Liko suala ambalo kwa dhahiri yake ni dogo, na kwa ndani lina jambo kubwa. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa chuo kikuu, asomaye misingi ya elimu ya kemia, amefanya jaribio lake kwa mikono yake, akapata hesabu isiyolingana na ile aijuayo kuwa ndiyo sawa. Akaacha kuandika aliyoyaona, akaandika yaliyo sawa. Je, amesema uongo, hali alichokiandika ni kweli?

Suala hili lina haki ya kuzungumzwa Mnazi Mmoja kuliko mahali pengi. Katika mwezi wa Oktoba 1961, chuo ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikiwa wakati ule ni tawi la Chuo Kikuu cha London, kilifunguliwa katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, na elimu iliyosomeshwa humo ilikuwa ni sheria peke yake. Katika mwaka 1964 kikahamia Mlimani, na 1965 ndipo yalipoanza masomo ya sayansi. Basi ilitangulia elimu ichunguzayo ushahidi wa watu, ikafuatia elimu ichunguzayo ushahidi wa vitu. Na jirani ya kiwanja cha Mnazi Mmoja ipo Kariakoo, ambako mizani haipumziki tangu asubuhi hata usiku. Ushahidi, mizani na kemia ni mambo matatu kwa majina. Amana yake ni moja.

Na ichukuliwe mithali ya kijana wa mitaa hiyo. Mama yake ni muuza nafaka. Yeye asoma kwa mkopo, na akianguka katika somo hili hana wa kumlipia mwaka mwingine. Siku hiyo amepewa kazi ya kupima asidi kwa kostiki soda, ile itumiwayo na wapika sabuni. Hutia sentimita za ujazo 25 za maji ya kostiki katika chupa, akadondosha dawa ya rangi, maji yakawa ya waridi. Kisha huiachia asidi tone kwa tone kutoka katika mrija wa kioo wenye mistari, uitwao bureti, mpaka rangi itoweke. Kwa maandishi ya karatasi, nguvu ya asidi na nguvu ya kostiki ni sawasawa. Basi 25 yapasa zikutane na 25. Lakini mara ya kwanza rangi ilitoweka penye 23.6, mara ya pili 23.5, mara ya tatu 23.6. Kijana akatazama huku na huku, akaandika 25.0, 24.9, 25.0. Ile 24.9 aliitia kusudi, ili hesabu zisionekane nzuri kupita kiasi.

Wamteteao wana hoja tatu, na kila moja yastahili kusikilizwa.

Hoja ya kwanza ni kwamba uongo ni kusema lisilokuwa, na yeye amesema lililo. Jawabu ni kwamba katika daftari la majaribio hakuna khabari moja, ziko mbili. Moja yasema, “Jambo liko hivi.” Ya pili yasema, “Mimi nimeliona.” Huenda ya kwanza ikawa kweli, na ya pili ikawa uongo mtupu. Msomaji ajua kwamba Sura ya Al-Munafiqun inaanza kwa khabari ya watu waliotoa ushahidi wa neno lililo kweli, nao wakaitwa waongo, kwa sababu walidai kushuhudia yasiyokuwamo nyoyoni mwao. Na wanachuoni wa Hadithi walimlaumu mpokezi afanyaye tadlisi, yaani atajaye khabari kwa namna ya kumdhanisha mtu kwamba ameisikia kwa fulani hali hakuisikia kwake, hata kama maneno yenyewe ni sahihi kwa njia nyingine. Kadhalika mbele ya kadhi: mtu asemaye, “Nilimwona akilipa deni,” naye hakuwapo, ni shahidi wa uongo hata kama deni limelipwa kweli. Mwenye kupima hakuulizwa anajua nini. Ameulizwa ameona nini.

Na mambo ya Kariakoo yafafanua zaidi. Muuza mchele mzoefu aweza kuteka kwa kopo, asiweke mizani, na kilo ikatimia. Akimwambia mnunuzi, “Nimekukadiria kwa mkono,” hana kosa, na mnunuzi ana khiari yake. Akisema, “Nimepima,” amemwuzia vitu viwili, mchele na neno lake. Mchele umetimia, neno limepunguka. Sura ya Al-Mutaffifin huogopwa na watu wa sokoni kwa khabari ya wapunjao vipimo. Na wa kwanza kupunjwa hapa ni imani ya mnunuzi juu ya mizani yote ya soko.

Hoja ya pili ni kwamba mkono wa mwanafunzi ni mchanga na kitabu ni hodari. Basi kukifuata kitabu ni adabu, na kushika hesabu ya mkono wake ni kiburi. Hoja hii ina sura ya unyenyekevu, na ndiyo ya hatari kuliko zote. Kwa kuwa yule kijana hakujua kwamba 25.0 ni kweli, alidhani. Kostiki soda ina tabia ya kunywa unyevu wa hewa na kuvuta hewa ya kaboni, na mji ulio kando ya bahari kama Dar es Salaam hauna uhaba wa unyevu. Chupa ikiachwa wazi, zile chembe nyeupe huzidi uzito kwa maji. Kwa nguvu iliyoandikwa katika karatasi, hutakiwa gramu 4 za kostiki katika kila lita. Gramu 4 zilipimwa kwa uaminifu; kumbe ndani yake kostiki yenyewe haikutimia gramu 3.8, na iliyosalia ni maji na vitu vingine. Hesabu ya 23.6 haikuwa kosa la mkono. Ilikuwa ni sauti ya chupa ikisema, “Nimeharibika.” Kijana aliisikia mara tatu, na mara tatu akaiziba kinywa.

Liko jambo lililotokea Uingereza lililo mithali ya jambo hili. Mtaalamu Lord Rayleigh alikuwa akipima uzito wa hewa iitwayo naitrojeni. Ile aliyoipata kwa kuondoa oksijeni katika hewa ya kawaida, ikijaza tufe lake la kioo, ilipata gramu 2.310, na ile aliyoitoa katika vitu vya kemia ilipata gramu 2.299. Tofauti ni kiasi cha nusu ya sehemu moja katika mia. Mtu mwingine angaliifuta kwa kalamu. Yeye katika mwaka 1892 alitangaza tofauti ya namna hiyo katika gazeti la wataalamu, akiomba mwenye kujua sababu yake amwambie. Katika mwaka 1894 yeye pamoja na William Ramsay wakatangaza kwamba ndani ya hewa ivutwayo na watu wote mna kitu kipya, wakakiita arigoni, nacho ni kiasi cha sehemu moja katika mia ya hewa yote. Kabla yao, katika mwaka 1785, Henry Cavendish alikwisha kuona povu dogo la hewa lililokataa kuungana na kitu, akalipima, akaandika kwamba halizidi sehemu moja katika 120. Hakujua ni nini, na hakulificha. Ndipo waliokuja baada ya miaka mia na zaidi wakapata ushahidi uliohifadhiwa. Katika mwaka 1904 Rayleigh na Ramsay walipewa kila mmoja tuzo ya Nobel. Lau wangalikuwa na adabu ya yule kijana, arigoni ingalibaki puani mwa watu pasipo jina.

Hoja ya tatu ni ya haja: kijana ni maskini, alama zimo mikononi mwa mwalimu, na daftari la mwaka wa kwanza halimdhuru mtu. Hoja hii haistahili kuchekwa, kwani machozi ya mama yake ni kweli. Lakini na atazame mbele. Miaka michache ikipita, mkono huo huo huenda ukapima maji ya kisima cha mtaa, au dawa za watoto, au ushahidi katika maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ambao kwa ajili yake mtu hufungwa au huachiliwa. Siku hiyo hapatakuwa na jawabu kitabuni la kunakili, wala hapatakuwa na mwalimu wa kusahihisha. Patakuwa na neno lake tu. Na mkono hauwi mwaminifu siku ya jambo kubwa, ikiwa ulizoezwa khiana siku za mambo madogo.

Pamoja na hayo, lawama yote si ya kijana. Mwalimu atoaye alama kwa ukaribu wa jawabu peke yake, asitazame namna lilivyopatikana, huwafundisha wanafunzi wake kusema uongo, na huwalipa kwa alama. Yampasa ampe haki yake yule aliyeandika 23.6 akaeleza sababu aidhaniayo, na ampite kwa hadhari yule ambaye hesabu zake hazina doa.

Basi mwanafunzi afanyeje, akiona hesabu yake imekataa? Aandike aliyoyaona, saa ile ile, kwa wino. Akijua kwamba amekosea kusoma mistari, apige mstari mmoja juu ya hesabu, isomeke bado, kisha arudie jaribio na aandike la pili kando ya la kwanza. Asipopata sababu, aandike kwamba hesabu haikulingana na yeye hakujua sababu. Neno “sijui” halikuwaaibisha wanachuoni wakubwa. Na akichelea alama, amwendee mwalimu kabla ya kukabidhi kazi, amwonyeshe chupa pamoja na daftari. Kwani huenda darasa zima limepimiwa kutoka katika chupa ile ile, na wenzake thelathini wameandika 25.0.