Nguvu ya Silaha ni Nini?

Katika kila lugha mna maneno ambayo watu huyatumia kila siku pasipo kuyapima. Neno "nguvu" ni mojawapo. Twasema mtu mwenye nguvu, dawa yenye nguvu, hoja yenye nguvu, na kila mara maana hubadilika kidogo bila sisi kujali. Aghalabu hapana madhara. Lakini inapotajwa silaha, na hasa silaha iliyoibwa, neno hilo huwa shauri la uhai na kifo. Kwani kwa kipimo chake serikali huamua raia aruhusiwe kushika bunduki ya namna gani, na jamii huamua iogope kiasi gani. Katika insha hii tumekusudia kuuliza: silaha yenye nguvu ni ipi? Na ili swali letu lisielee hewani, tutalitazama kwa mfano ulio karibu nasi, yaani bunduki zilizochukuliwa katika ghala la jeshi la Moroto, kaskazini mashariki ya Uganda, mwaka 1979.

Habari yenyewe yatuhusu. Mwezi wa Oktoba, 1978, majeshi ya Idi Amin yalivamia nchi yetu katika eneo la Kagera. Tarehe 11 Aprili, 1979, majeshi ya Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda waliingia Kampala, na utawala wa Amin ukaanguka. Askari wake waliokuwa katika kambi ya Moroto wakakimbia, wakaliacha ghala la silaha bila mlinzi. Wakaramojong, wafugaji wa nchi ile, walilivunja na kuchukua maelfu ya bunduki pamoja na risasi zake. Vita tuliyoipigana ilikuwa ya haki. Lakini hata vita ya haki huacha milango wazi nyuma yake, na mwenye busara hana budi kuuliza ni nani aliyeingia kwa milango hiyo.

Wizi wa mifugo ulikuwapo Karamoja tangu kale, kama ulivyokuwapo kwa majirani zao Waturkana na Wapokot. Lakini wazee wa marika ndio waliokuwa wakiubariki au kuukataza, na mkuki haukuweza kuua watu wengi kwa mara moja. Baada ya 1979 kijana mwenye bunduki hakuhitaji tena baraka ya mzee. Uporaji ulizidi, ukaungana na ukame na kuvurugika kwa utawala, na katika njaa ya mwaka 1980 inakisiwa kwamba mtu mmoja katika kila watano wa Karamoja alikufa. Hatusemi kwamba bunduki peke yake ndiyo iliyoleta njaa ile. Twasema kwamba iliwanyang'anya watu ng'ombe ambao wangewavusha katika ukame, na ikazifunga njia ambazo chakula kingepita.

Sasa na tumwite mtaalamu wa silaha, tumsikilize kwa heshima. Atatuambia kwamba nguvu ya bunduki hupimwa kwa nishati ya risasi inapotoka mdomoni. Risasi ya AK-47, bunduki ambayo kwa miaka mingi imekuwa maarufu kupita zote katika nchi za wafugaji, hutoka na nishati ya jouli 2,000 hivi. Risasi ya bunduki ya Kiingereza ya zamani, Lee-Enfield, waliyoibeba askari katika vita kuu mbili za dunia, huzidi jouli 3,000. Na bunduki ya kuwindia tembo au nyati huzidi jouli 5,000. Kwa hiyo, atasema mtaalamu, AK-47 si bunduki yenye nguvu nyingi. Ni ya kadiri tu. Nchini Marekani mabishano ya namna hii hayaishi. Mwaka 2015 bunduki zaidi ya mia moja ziliibwa katika behewa la treni mjini Chicago, na kila litokeapo jambo kama hilo watu hugawanyika: hawa huziita silaha kali, wale hujibu kwamba jina hilo ni la kutishia watu, maana risasi ya bunduki ya paa huzipita nyingi kati ya hizo.

Mtaalamu hakusema uongo. Hesabu zake ni sahihi. Kosa li katika kudhani kwamba kipimo cha risasi ndicho kipimo cha silaha. Lee-Enfield huchukua risasi kumi, na kila moja hutaka mkono uvute chuma kabla ya kufyatua. AK-47 huchukua thelathini, na ikiachiwa humimina mfululizo. Ni rahisi kutunza, huvumilia vumbi na matope, na kijana asiyejua kusoma huweza kujifunza kuitumia kwa muda mfupi. Kwa mwenye boma linaloshambuliwa usiku, tofauti ya jouli elfu moja si kitu. La maana kwake ni kwamba adui mmoja amekuwa kama kumi.

Mabishano haya yasidhaniwe kuwa ni upuuzi mtupu. Sheria yenye maneno malegevu humdhulumu mnyonge. Kama tutasema tu "silaha yenye nguvu ni marufuku", polisi asiye mwadilifu aweza kumkamata mkulima mwenye gobore la babu yake la kufukuzia ngedere, na kumwacha tajiri apite. Kutaja kitu kwa jina lake sahihi ni sehemu ya haki. Ndiyo maana yafaa kukumbuka Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, ambayo nchi yetu ni mojawapo ya zilizoitia saini. Itifaki hiyo inazitaka nchi ziwakataze raia kabisa kumiliki bunduki zinazojipakia zenyewe na zinazopiga mfululizo. Haikuanzia katika nishati ya risasi. Ilitazama namna silaha inavyofanya kazi mkononi mwa mtu. Na Kiswahili chetu kilikwisha kuielewa njia hiyo, kwani kimetenga gobore na bombomu kwa namna ya kupakia na kupiga.

Hata hivyo, majina ya kitaalamu nayo yana hatari yake. Umoja wa Mataifa huziita bunduki hizi "silaha ndogo", ili kuzitenga na mizinga na vifaru. Wahenga walinena: mdharau mwiba, mguu huota tende. Hakuna kifaru kilichoiangamiza Karamoja. Ni zile "ndogo", zenye risasi "ya kadiri".

Basi twashika neno gani? Sisi twaona kwamba nguvu ya silaha ina pande mbili. Upande wa kwanza ni chuma, na huo tumwachie mtaalamu. Upande wa pili ni mkono ulioishika, na wale ambao mkono huo hujibu mbele yao. Bunduki ya askari ina namba, ina daftari, ina mkubwa wa kuulizwa. Siku inapoibwa, chuma chake hakikubadilika hata chembe, lakini imepoteza mwenye kuulizwa. Na kwa hiyo imezidi nguvu kuliko ilivyokuwa jana ghalani.

Atatokea msomaji atuulize: je, Wakaramojong walikuwa wezi tu? Swali hili ni zito, wala haifai kulikwepa. Hata kabla ya 1979 vijana wao walikuwa wakijiundia bunduki za mabomba ya chuma, kwa kuwa serikali ya Amin haikuwalinda na majirani walikwisha kupata silaha. Serikali ya Uganda ilipoanza kukusanya bunduki mwishoni mwa 2001, karibu 10,000 zilipatikana katika miezi ya mwanzo. Lakini mwaka 2002 jeshi lilihamishiwa kwenye vita vingine, na waliosalimisha silaha zao wakaporwa na wale ambao hawakusalimisha. Aliyetii sheria ndiye aliyeadhibiwa. Hapo twajifunza kwamba dola inayomwambia raia aweke silaha chini imejitwika wajibu wa kumlinda usiku huohuo. Isipofanya hivyo, haina haki ya kushangaa akitafuta nyingine.

Walimu watakaolijadili jambo hili darasani wataona kwamba wanafunzi, hasa wavulana, hupenda kuzungumza juu ya aina za bunduki na ukali wake. Wasiwanyamazishe. Wawaache wataje hesabu zote wanazozijua, kisha wawatake wataje na yaliyosalia: bunduki hiyo ni ya nani, nani aliihesabu mara ya mwisho, na ikitumika vibaya nani ataitwa kujibu. Moroto hawakukosa wajuzi wa bunduki. Mwezi ule wa Aprili alikosekana mtu wa kubaki mlangoni na kuzihesabu.