Je, Nuhu Alikula Hasara?

Kwa shemeji yangu, swali la kama onyesho lililopoteza fedha limefeli halina hata mjadala. Ana duka la vifaa vya ujenzi Tanga, na kila nikimsimulia habari za Broadway, kumbi kubwa za tamthilia za New York, jibu lake ni lilelile: "Shemeji, biashara isiyorudisha mtaji imekufa. Mengine ni maneno ya kufarijiana msibani." Mimi ni mhasibu, riziki yangu iko New Jersey, ng'ambo tu ya mto kutoka New York, na kwa kazi yangu ningetarajiwa kuwa upande wake. Simo. Wala simo upande wa wasanii wanaosema fedha si kitu.

Tuanze na daftari, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Tamthilia ya muziki ya Broadway siku hizi hula mamilioni ya dola kabla pazia halijafunguliwa. Likishafunguliwa, kila wiki ina madai yake: kodi ya ukumbi, mishahara ya waigizaji na wapiga muziki, mafundi wa taa, watunza mavazi, matangazo. Tiketi zikiingiza zaidi ya hapo, ziada ndiyo inayoanza kuwarudishia waliotoa mtaji. Zisipoingiza, akiba inaliwa, mpaka siku tangazo la kufunga linabandikwa kwenye ubao wa nyuma ya jukwaa, palepale waigizaji wanaposaini mahudhurio. Maonyesho mengi hufikia mwisho huo kabla mtaji haujarudi. Fedha zile ni za watu, na fedha ya mtu ni amana. Aliyezipoteza kwa uzembe asijifiche nyuma ya sanaa.

Ila daftari hilohilo, ukilisoma vizuri, halisemi anachodhani shemeji. Chukua Spider-Man: Turn Off the Dark. Ilitumia takriban dola milioni 75, ikafunguliwa rasmi Juni 2011, na katika wiki ya kufungia mwaka ule iliingiza zaidi ya dola milioni 2.9, kiasi ambacho Broadway ilikuwa haijapata kukiona kwa wiki moja. Watu walijaa. Lakini waigizaji kadhaa walikuwa wameumia katika maonyesho ya majaribio, wahakiki waliiponda, na ilipofungwa Januari 2014 mtaji haukuwa umerudi. Basi umati ni jambo moja, faida ni la pili, na thamani ya kazi ni la tatu.

Wapenzi wa tamthilia wana jibu lao: subirini, wakati utasema. Mfano wanaoupenda ni Merrily We Roll Along, muziki wa Stephen Sondheim, uongozaji wa Harold Prince. Ilifunguliwa Novemba 1981 ikafungwa baada ya maonyesho 16. Waigizaji walikuwa vijana wabichi, watazamaji wengine walinyanyuka kabla haijaisha, na mabwana hao wawili, waliokuwa wametoa kazi kubwa pamoja tangu mwaka 1970, wakaachana kikazi kwa miaka mingi. Mwaka 2023 ikarudi Broadway katika ukumbi wa Hudson, Daniel Radcliffe akiwa mmoja wa nyota wake. Tiketi ziligombaniwa, na mwaka 2024 ikatwaa Tuzo ya Tony ya tamthilia bora ya muziki iliyofufuliwa.

Kisa kizuri, lakini hakinitoshi. Prince alifariki mwaka 2019, Sondheim 2021. Kama mafanikio yalifika 2024, yaliwakuta kaburini. Na wale vijana waliocheza zile mara 16, tuwaambie walikuwa wakifanya nini? Anayesema wakati utasema bado ameshika mizani ya shemeji. Amesogeza mbele tarehe ya kulipa, basi. Kazi ambazo hazikufufuliwa kamwe hana la kuziambia.

Hapo ndipo ninapomkumbuka Nabii Nuhu. Qur'ani inatufahamisha kwamba alikaa na watu wake miaka elfu kasoro hamsini, na walioamini pamoja naye walikuwa wachache tu. Tumesimuliwa pia katika hadithi kwamba Mtume alionyeshwa umma mbalimbali: nabii akiwa na kikundi kidogo, mwingine na mtu mmoja au wawili, mwingine hana hata mmoja. Huyo asiye na hata mmoja ni nabii vilevile. Wala si gharika iliyomfanya Nuhu awe amefaulu. Alifaulu siku alipofikisha alichotumwa, kabla tone la mvua halijadondoka. Mja huulizwa alichofikisha. Kupokelewa hakumo mkononi mwake.

Simfanyi mwimbaji wa Broadway kuwa nabii, astaghfirullah. Nasema kipimo hicho kinafaa hata kwa kazi zetu za kila siku. Nilipata kukaa kwenye onyesho la mchana, tiketi ya bei ya punguzo kutoka kibanda cha Times Square, wahudumu wakitutoa roshani na kutuleta viti vya mbele ili ukumbi usionekane mtupu. Habari za kufungwa zilikuwa zimeshatangazwa. Mwigizaji aliyekuwa mama alitakiwa kukunja shati la mwanawe marehemu. Alilikunja, akalikunjua, akalikunja upya kwa sababu kola haikukaa sawa. Hakuna mtu ukumbini ambaye angemdai kola ile.

Wapo pia waliolipa ili kazi kama hiyo iendelee. Tamthilia ya pili ya Lorraine Hansberry kufika Broadway, The Sign in Sidney Brustein's Window, ilifunguliwa Oktoba 1964, mwandishi mwenyewe akiugua saratani. Wahakiki waligawanyika, tiketi zikadorora. Wasanii wenzake na watazamaji wakachanga isifungwe, ikafikia maonyesho 101. Pazia lilishuka Januari 1965, mwezi uleule Hansberry alipofariki akiwa na umri wa miaka 34. Waliochanga hawakungoja gawio. Walitaka maneno yake yasikike usiku mmoja zaidi, na yalisikika.

Nia njema peke yake haiokoi kazi mbovu, na masharti yangu ni mawili. Mwenye mtaji awe ameambiwa ukweli kuhusu hatari anayoiingia. Na waliopanda jukwaani wawe wamewafikishia waliokuja, hata wakiwa wachache, kazi iliyokamilika. Hayo yakitimia, onyesho linalochechemea limefaulu, leo, bila kungoja wajukuu waje kulisifu. Yasipotimia, hata foleni ikizunguka mtaa mzima, mimi nitaandika hasara.