Scrooge na kahawa ya butura

Mwaka 1843 Mwingereza Charles Dickens alichapisha hadithi ya Scrooge, tajiri bahili aliyetokewa na mzuka mkesha wa Krismasi. Ni Marley, mbia wake aliyekufa, anayeburuta minyororo ya funguo na masanduku ya fedha. Wengi hukumbuka mzuka huo. Mimi hukumbuka asubuhi yake: Scrooge anamnunulia karani wake bata mzinga mkubwa, na kesho yake anampandishia mshahara. Toba yenye risiti.

Kwetu Kagera tuna butura. Mkulima amebanwa na ada au ugonjwa, anauza kahawa ingali mtini, pengine maua tu, kwa bei ya kutupa. Serikali imepiga marufuku, lakini shida haisomi matangazo. Mnunuzi wa butura akiguswa moyo leo kama Scrooge, sadaka ya Jumapili haitoshi, kwa maoni yangu. Arudi kwa mama yule yule aliyemuuzia, wapige hesabu upya kwa bei ya msimu, amlipe kilichopungua. Na kama mama ameshafariki, watoto wake wapo, na nyumba anaijua.