Msiuze Bonde kwa Injini ya Ndege

Ndugu zangu wa Kisaki, Waislamu kwa Wakristo, sikieni! Ndege zinazopeleka watalii Hifadhi ya Nyerere zinawapita juu, na dunia sasa inataka ndege zipunguze kuchafua hewa. Ni haki. Mvua zikiharibika, anayelala njaa ni mkulima wa bonde la Mgeta, si abiria. Lakini ulizeni: hayo mafuta mapya ya ndege, yanayokamuliwa kwa mimea, yatatoka katika ardhi ya nani?

Mbono kaburi mnaujua, mnaupanda uwe ua. Desemba 2008 Air New Zealand ilirusha ndege ya majaribio, injini yake moja ikitumia mafuta yaliyochanganywa nusu kwa nusu na ya mbono, na baadhi ya mbegu zilitoka Tanzania. Baadaye kidogo, kule Kisarawe, kampuni ya Kiingereza, Sun Biofuels, ikapata zaidi ya hekta 8,000 za vijiji 11 ilime mbono. Watu waliahidiwa ajira, maji, zahanati. Mwaka 2011 mradi ukaanguka. Msitu ulikwisha kufyekwa, vibarua wakabaki mikono mitupu, na ardhi haikurudi! Ardhi ya kijiji ikishahamishwa kuwa ardhi ya jumla, mwekezaji akishindwa, hairudi yenyewe kwa wenyewe.

Msidhani yamepita. Umoja wa Ulaya umeamuru mafuta safi yawe asilimia 2 ya mafuta ya ndege kuanzia 2025, asilimia 6 ifikapo 2030, asilimia 70 ifikapo 2050. Mwaka 2024 dunia nzima haikufikisha hata asilimia 1. Pengo hilo lina njaa, na njaa hutafuta shamba. Mtaambiwa mbono hauliwi, kwa hiyo haugusi chakula. Uongo! Utakaa palepale ulipokaa mpunga na ufuta wenu. Mtaambiwa unastahimili ukame. Kustahimili si kuzaa: bila maji na rutuba, mbegu ni haba.

Katika Biblia, Nabothi alimkatalia mfalme Ahabu shamba la baba zake. Nanyi mnayo Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Ardhi inayoombwa ikizidi hekta 250, Waziri ndiye huamua, lakini sharti kwanza apate maoni ya mkutano mkuu wa kijiji. Basi jazeni mkutano huo! Akina mama, msibaki nyumbani. Vijana, msisaini karatasi ya mahudhurio kabla muhtasari haujasomwa kwa sauti. Mwekezaji aseme mbele yenu, na iandikwe: ni hekta ngapi, kwa miaka mingapi, chanzo gani cha maji, na akifilisika, ardhi itarudi kwa nani.