Kanzu Iliyochovywa Damuni

Wana wa Yakobo walipokwisha kumwuza ndugu yao Yosefu kwa wafanya biashara waendao Misri, walibaki na shida moja: watamwambia nini baba yao? Basi wakachinja mbuzi, wakaichovya ile kanzu nzuri katika damu yake, wakampelekea mzee na kumwomba aitazame kama aitambua. Angalieni vema, wasomaji wetu wapenzi. Mbele ya baba yao hawakutamka kwamba Yosefu ameraruliwa na mnyama mkali. Neno hilo alilitamka Yakobo mwenyewe. Wao walileta kanzu na damu tu. Mapenzi ya baba yalimaliza kazi iliyobaki. Naye akavaa gunia, akaomboleza miaka mingi, akakataa kufarijiwa.

Twaikumbuka leo habari hiyo ya Kitabu cha Mwanzo kwa sababu kanzu za namna hiyo zaletwa milangoni mwetu kila siku. Zamani uvumi ulitembea kwa miguu, ukapumzika njiani, na pengine ukafa kabla ya kuvuka mto. Siku hizi wasafiri kwa simu, na kabla mama hajaepua chungu jikoni umekwisha kufika Bukoba, Mtwara na Unguja. Lakini njia yake haikubadilika tangu siku za Yakobo. Habari ya uongo haiji na ushahidi. Huja na damu. Haibishi hodi katika akili ya mtu, bali huingia moja kwa moja moyoni, ikijua kwamba moyo ukikwisha kushtuka, akili huchelewa kuamka.

Wala sisi tuandikao ukurasa huu hatuwezi kujifanya wenye haki. Mmoja wetu, siku ya upepo mkali wa mwera, alipokea picha ya mtumbwi uliopinduka na maneno machache yaliyosema kwamba wavuvi wa usipa wamekufa maji katika pwani yetu ya Ziwa Nyasa. Chini yake iliandikwa: mtumie kila umpendaye. Alihuzunika, akawaonea huruma, akaipeleka mbele saa ile ile. Juu milimani, upande wa Mbinga, palikuwa na mama mmoja ambaye mwanawe alikuwa ziwani majira yale. Mama yule aliteremka hadi pwani usiku, hali analia, na alfajiri akamkuta kijana wake ameketi mchangani anatengeneza wavu. Picha ile ilikuwa ya ziwa jingine, la nchi nyingine, na ya zamani. Tulimwomba mama radhi, naye akatusamehe. Lakini usiku ule wa machozi hatukuweza kumrudishia. Maji yakimwagika hayazoleki.

Yatupasa basi kujua jinsi mwongo afanyavyo kazi yake, na milango ya moyo apendayo kuipita.

Mlango wa kwanza ni hofu, na hasa hofu ya mzazi kwa mtoto wake. Tangu zamani katika nchi zetu yamesemwa maneno ya mumiani, watu wasiojulikana ambao eti hunyonya damu za wenzao. Tarehe 1 Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino, mkoa wa Dodoma, watu watatu waliofika kwa kazi ya kuchukua sampuli za udongo, yaani watafiti wawili wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian, Arusha, pamoja na dereva wao, waliitiwa ukelele wa wanyonya damu. Wakauawa, na gari lao likachomwa moto. Walikuja kutafuta namna ya kumsaidia mkulima, wakafa mikononi mwa wakulima. Mwaka uliofuata, Septemba na Oktoba 2017, uvumi ule ule uliwaka kwa jirani zetu wa Malawi, upande wa kusini. Watu kadhaa waliuawa na makundi, serikali ikawakataza watu kutembea usiku, na Umoja wa Mataifa ukawaondoa watumishi wake katika wilaya za Mulanje na Phalombe. Hakuna hata mmoja aliyemwona mnyonya damu. Lakini wauaji wale hawakujiona wauaji. Walijiona wazazi wanaowalinda watoto. Hapo ndipo penye hatari kubwa: habari ya uongo huchukua pendo, ambalo ni jema, ikaligeuza kuwa rungu.

Mlango wa pili ni majivuno na hasira ya taifa. Pwani yetu yaweza kutufundisha neno hili. Tarehe 13 Agosti 1914, meli ya Waingereza iitwayo Gwendolen ilifika Liuli, mahali ambapo Wajerumani walipaita Sphinxhaven, ikaipiga kwa mzinga meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann. Meli ile ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo, na nahodha wake alikuwa hajapata habari kwamba vita vimeanza Ulaya. Alitoka kwa mashua ndogo kumgombeza mwenzake Mwingereza, waliyezoeana naye, akashikwa mateka. Hata hivyo huko London jambo hilo lilitangazwa gazetini kuwa ushindi wa vita vya majini katika Ziwa Nyasa. Wasomaji wa mbali walifurahi. Je, nani angetaka kuuliza kama meli ile ilikuwa majini au juu ya magogo? Moyo uliojaa fahari hauulizi.

Tena, katika miezi ya Julai na Agosti 2012, ubishi wa mpaka wa ziwa kati ya Tanzania na Malawi ulipopamba moto kwa sababu ya mpango wa kutafuta mafuta na gesi, maneno ya vita yalienea upesi kuliko maneno ya mashauriano. Mtu aliyekaa mbali na ziwa aliweza kuwaka kwa ushujaa bila gharama yoyote. Lakini kwa watu wa Mbamba Bay, Liuli na Lituhi, wenye jamaa ng'ambo na visiwani Likoma, wanaovuka kwenda kuuza, kuoa na kuzika, maneno yale yalikuwa kitisho mlangoni. Rais Kikwete alisema wazi kwamba nchi haikuwa na nia ya kupigana, na shauri likapelekwa mbele ya wapatanishi. Vita havikuja. Twamshukuru Mungu, lakini tujiulize ni maneno mangapi ya chuki tuliyapeleka mbele siku zile, tukidhani kwamba ndiyo mapenzi ya nchi.

Mlango wa tatu ni matumaini ya mtu mwenye shida, na huu twauandika kwa heshima. Mwaka 1905 watu wa kusini walikuwa wamechoka kwa kodi, viboko na kazi za kulazimishwa. Uchungu wao ulikuwa wa kweli, na ushujaa wao ulikuwa wa kweli. Ndiyo maana taifa lawakumbuka kila Februari mjini Songea mashujaa wa Majimaji walionyongwa mwaka 1906. Lakini ahadi kwamba risasi zitageuka maji haikuwa ya kweli, na bei yake ililipwa na wale walioisadiki. Watu maelfu na maelfu walikufa kwa bunduki, na wengi zaidi kwa njaa iliyofuata mashamba yalipochomwa. Kanisa nalo lilimwaga damu: Askofu Cassian Spiss na wenzake wanne, mabruda na masista, waliuawa Agosti 1905 njiani upande wa Liwale, na misioni ya Peramiho ikateketezwa. Twajifunza nini? Kwamba uongo hauoti katika shamba tupu. Huota palipo na jeraha. Ahadi kubwa humshika upesi zaidi yule mwenye haki ya kutumaini.

Hata leo ni hivyo. Mkulima wa kahawa huko Umatengo mwenye karo ya kulipa na mgonjwa wa kupeleka hospitali, akisikia kwamba bei itaanguka mwaka huu, huweza kuiuza kahawa yake ingali juu ya mti, kwa biashara ile iitwayo magoma, kwa bei ya kusikitisha. Kabla ya kuogopa angeuliza: neno hili limetoka kwa nani, na nani atafaidika nikiogopa? Aghalabu angemkuta mwenye neno na mwenye fedha ni mtu mmoja.

Labda msomaji atatujibu kwa methali: lisemwalo lipo, kama halipo laja. Methali hiyo yatuonya tusidharau dalili. Haikutupa ruhusa ya kuhukumu kwa dalili. Wale watu watatu wa Chamwino walikuwa wanasemwa. Je, lililosemwa lilikuwapo?

Wala tusifikiri kwamba twawashauri Wakristo wawe na mioyo ya mawe. Machozi si dhambi. Bwana wetu Yesu Kristo mwenyewe alilia kwa ajili ya rafiki yake Lazaro. Lakini soma tena Injili ya Yohane: kabla ya kulia aliuliza wamemweka wapi, na baada ya kulia akaenda kaburini. Huruma ya Bwana wetu ina miguu. Yakwenda mpaka mahali penyewe. Huruma yetu mara nyingi ina kidole kimoja tu, cha kubonyeza simu, na ikikwisha kubonyeza hudhani imetenda kazi ya upendo. Mwenye kumhurumia kweli mtoto aliye katika picha atauliza kwanza: mtoto huyu ni nani, yuko wapi, na je, aweza kusaidiwa? Asiyeuliza hamhurumii mtoto. Anaipenda ile huzuni yake mwenyewe.

Amri ya nane yatukataza kumshuhudia jirani uongo. Wengi hujitetea wakisema: si mimi niliyetunga, mimi nimepeleka tu. Utetezi huo ni dhaifu. Apokeaye mali ya wizi na kuiuza hawezi kusema kwamba hakuvunja mlango. Nchi yetu ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, inayowaadhibu watangazao uongo. Lakini sheria hufika baada ya nyumba kuungua, na dhamiri yaweza kufika kabla. Baba Mtakatifu Fransisko, katika ujumbe wake wa Siku ya Upashanaji Habari Duniani mwaka 2018, alikumbusha kwamba nyoka wa bustani ya Edeni ndiye aliyeanza kazi hii, alipojifanya rafiki wa Eva, akachanganya ukweli kidogo na uongo mwingi, akamwonyesha tunda linalopendeza macho. Tena Kanisa lafundisha kwamba aliyemdhuru mwenziwe kwa uongo hana budi kuurekebisha. Haitoshi kuungama kwa Padre na kunyamaza mbele ya wale tuliowadanganya.

Basi, twaziomba jamaa Wakristo zishike mambo matatu. La kwanza: habari ikikutetemesha, ikikukasirisha au ikikuliza, ngoja. Iache mpaka baada ya sala ya jioni. Iliyo kweli haitaharibika kwa kungojwa saa chache. La pili: uliza kwa mtu aliye karibu na jambo lenyewe. Kama ni habari ya ziwani, yuko ndugu pwani. Kama ni ya ugonjwa, yuko mganga wa zahanati. Kama ni ya bei, yuko katibu wa chama cha ushirika. La tatu: ukikosea, rudi kwa wale wale uliowapelekea, useme wazi, nimewadanganya bila kukusudia, nisameheni. Baba asemaye hivyo mbele ya watoto wake hapungukiwi heshima. Amewafundisha amri ya nane kuliko katekesi ya mwezi mzima.

Tumalizie pale tulipoanza. Miaka mingi ilipita, na wana wa Yakobo wakarudi kutoka Misri na habari iliyokuwa njema kupita zote: Yosefu yu hai. Safari hii walisema kweli tupu. Mzee alifanya nini? Moyo wake ulizimia, kwa maana hakuwasadiki. Mpaka alipoyaona magari ambayo Yosefu ameyatuma kumchukua, ndipo roho yake ilipofufuka.

Wasomaji wetu, nasi tumekabidhiwa habari ya Mmoja aliyekufa na ambaye yu hai. Ndiyo Habari Njema tuliyoipokea kwa wazazi wetu, na kila Mkristo ameagizwa kuipeleka nyumbani mwake na kwa jirani zake. Jirani yetu ataisikia kwa kinywa kile kile, na pengine kwa simu ile ile, iliyomletea jana mumiani, vita na mtumbwi uliopinduka. Tusipoulinda ulimi wetu katika mambo madogo ya dunia hii, siku tutakapomwambia lililo kuu atatutazama kama Yakobo alivyowatazama wanawe, asisadiki. Na kosa halitakuwa lake.