Kijivu Kati ya Ndani na Nje

Maski kwenye programu ya uhuishaji kama Blender ni amri tu. Nyeupe inasema onyesha, nyeusi inasema ficha. Unachora mstari kumzunguka mtu: ndani 255, nje 0. Shida inakuja ukimweka juu ya mandhari nyingine. Anaonekana kama amekatwa gazetini kwa wembe.

Dawa yake ni ukingo laini. Unachora mstari wa pili nje ya ule wa kwanza, na programu inajaza katikati kijivu kinachofifia polepole. Pikseli yenye 128 ni kama nusu mtu, nusu mandhari. Hapo ndipo mtandio wa mama anayevuka barabara ya vumbi hapa Galbet unapokubali kupepea.

Mimi niliacha chuo. Siku hizi naandika hadithi fupi za kuhuishwa, nalipwa kazi kwa kazi, na rafiki yangu ndiye anayekaa kwenye kompyuta. Yeye anadai ukingo laini ni uongo, kwamba unaficha mahali mkono ulipokata. Mimi naona kinyume. Hata kamera haijui mtandio unaishia wapi. Pikseli moja inabeba kitambaa na vumbi kwa pamoja. Mstari mkali ndio unaodanganya, maana unadai uhakika ambao hakuna aliyekuwa nao.

Sasa, mstari huo ukichorwa kati ya watu je?

Kambi za Dadaab, hapa hapa kaunti ya Garissa, zilianza kufunguliwa 1991. Ukame ulipobana, kuna Wakenya walioandikishwa huko kama wakimbizi ili wapate chakula na matibabu. Wengine walikuwa watoto tu, wamepelekwa na wazazi. Alama za vidole zikaingia kwenye mfumo. Walipofika miaka 18 wakaenda kuomba kitambulisho, mfumo ukajibu: mkimbizi. Na bila kitambulisho nchi hii husajili laini ya simu, hufungui akaunti ya benki, hupigi kura. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Garissa iliamua kwamba haki zao zilikiukwa.

Rafiki yangu akanibana: "Wewe mpenda kijivu, unataka wawe 128? Nusu raia?"

Swali zuri, walahi. Maana hiyo 128 ndiyo waliyoishi: jirani anakujua, duka linakukopesha, afisi haikuoni. Lakini kijivu cha maski hakisemi mtandio ni nusu mtandio. Kinasema mchoraji hana uhakika na mstari wake. Shaka ni yake yeye, si ya kile alichokichora. Kwa watu imefanywa kinyume: mstari umebaki mkali, shaka akabebeshwa kijana. Leta mzee wa mtaa. Leta karatasi za babu. Rudi mwezi ujao.

Anayetengeneza maski vizuri haiamini akiwa mbali. Anaivuta karibu, anaweka rangi nyekundu kali nyuma ili aone mstari wake umekula nini. Akikuta umekula nywele, anausogeza mstari. Haziambii nywele zilete ushahidi kwamba ni nywele.