Darasa Lililo Mlimani

Asubuhi kama hii, ukungu ukiwa bado umelala juu ya milima ya Umatengo, watoto wa Mbinga, kusini mwa Tanzania, wanapita kandokando ya ngoro, mashimo ya kilimo ya Wamatengo, wakielekea shule. Wengi hawayatazami mashimo hayo. Wameyazoea mno.

Lakini ngoro, msikilizaji, ni somo zima. Mkulima hufyeka majani, huyapanga kwenye mteremko kwa mistari inayokatana ikaunda miraba, kisha huchimba udongo katikati ya kila mraba na kuyafukia. Majani huoza yakawa mbolea. Shimo hushika maji ya mvua, udongo usishuke bondeni. Hisabati, fizikia na kilimo, vyote katika jembe moja! Wamatengo wamelima hivyo kwa zaidi ya miaka 100, na katika miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wenzao wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, waliipanda milima hiyo kujifunza. Maprofesa wakawa wanafunzi wa wakulima.



Elimu ya vitendo kama hii sasa inatafutwa shuleni pia: Januari 2024 Tanzania ilianza kutumia mitaala mipya, yenye mkondo wa amali, yaani wa ufundi na stadi za kazi, sekondari. Ni hatua nzuri, ingawa karakana na vifaa vinataka fedha ambazo shule nyingi za vijijini hazina. Shamba la ngoro halidai fedha hizo. Mwalimu wa Mbinga unayesikiliza, leo kipindi kimoja tu, watoe watoto nje wakalipime.